Safari ya Siku Tatu na Tiketi ya Bustani ya Michezo: Tuwashauri Nini Wasafiri Wetu?

  

Ndugu msomaji, lipo swali ambalo miaka ishirini iliyopita mwalimu wa madrasa wa Mbeya au Iringa asingeulizwa, na leo linaulizwa kila msimu wa safari unapokaribia. Mtu anakwenda Umra, na ndege yake inapitia Dubai. Au anakwenda kununua bidhaa za duka lake la Mwanjelwa. Au anakwenda kumtazama nduguye anayefanya kazi Abu Dhabi. Safari nzima ni ya siku chache. Katika ratiba aliyopewa na wakala, chini kabisa, kuna mstari unaosema kwamba siku moja itatumika kutembelea bustani kubwa ya michezo, kwa malipo ya ziada. Anamjia mwalimu na kuuliza: Ustadh, niende au nisiende?

Wako wanaoliona swali hili kuwa dogo. Mimi silioni hivyo. Ndani yake mna fedha, ambayo mara nyingi si ya msafiri peke yake. Mna wakati, ambao msafiri hana mwingi. Mna watoto waliobaki nyumbani wakisubiri. Na mna sisi walinganiaji, ambao namna tunavyojibu swali kama hili ndiyo inayowafanya watu ama watuamini ama watukimbie. Kwa hiyo nimeona nilieleze kwa kirefu kidogo, na mwisho wake niseme rai yangu bila kuificha.

Bustani zenyewe ni kitu gani

Si vizuri kutoa hukumu juu ya kitu kabla ya kukijua. Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu juu ya jambo ni tawi la kulifahamu.

Bustani za michezo si jambo jipya duniani. Bustani ya Tivoli katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ilifunguliwa mwaka 1843. Ile ya Disneyland katika jimbo la California, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1955, na tangu hapo ukaenea mtindo wa kuijenga bustani nzima juu ya hadithi au wahusika fulani, ili mgeni ajione ameingia katika ulimwengu mwingine. Katika Ghuba, bustani ya maji ya Wild Wadi ilianza Dubai mwaka 1999. Mwaka 2010 ilifunguliwa Ferrari World katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, yenye treni ya mteremko inayofikia mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Mwaka 2016 zikafuata nyingine kubwa mjini Dubai. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Disney ikatangaza kwamba nayo itakuwa na bustani yake katika kisiwa hicho hicho cha Yas. Saudia nayo iliunda mamlaka ya burudani mwaka 2016, na mwaka 2017 ikatangaza mradi wa Qiddiya, mji mzima wa michezo na burudani nje ya Riyadh. Swali letu, basi, halitabaki kuwa la Dubai peke yake. Linamsubiri msafiri hata katika nchi yenye Haram mbili.

Na ndani yake mna nini? Mna mitambo ya kuzungusha, kupandisha na kuporomosha watu kwa kasi; mna mitelezo ya maji; mna maonyesho, maduka na mahali pa kula. Mengi katika hayo ni kiini cha kile kile alichokijua mtoto wa zamani aliyefunga kamba katika tawi la mwembe akabembea: kuogopa kidogo, kisha kucheka. Aliyeipeleka familia yake katika bustani ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam, ameshaonja mfano wake mdogo.

Haramu haitamkwi kwa wepesi

Katika kulijibu swali hili, baadhi ya ndugu zetu hukimbilia neno moja: haramu. Wakiulizwa dalili, husema kwamba ni upuuzi, ni kuiga wasio Waislamu, na kwamba muumini hakuumbwa kwa ajili ya mchezo.

Nawaheshimu kwa wivu wao juu ya dini, lakini njia hii si salama. Msingi uliothibiti kwa wanavyuoni ni kwamba mambo ya kawaida ya watu, yasiyokuwa ibada, asili yake ni uhalali mpaka ije dalili ya kuyakataza. Na Qur'ani katika Suratun-Nahl, aya ya 116, imeonya vikali dhidi ya ndimi zinazotamka hili halali na hili haramu bila ya ujuzi. Onyo hilo halimhusu tu anayehalalisha kilichokatazwa. Linamhusu vile vile anayeharamisha kilichoachwa wazi.

Tena tuangalie mwenendo wa Mtume (SAW) mwenyewe. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, naye akamsimamishia Bibi Aisha (RA) pazia la nguo yake ili atazame, wala hakuondoka mpaka alipotosheka mwenyewe. Imepokewa pia kwamba alishindana naye mbio safarini. Hanzala (RA) alipohofu kuwa amekuwa mnafiki, kwa sababu moyo wake akiwa nyumbani na mke na watoto hauwi kama unavyokuwa mbele ya Mtume, aliambiwa kwamba mwanadamu ana saa yake kwa hili na saa yake kwa lile. Na Salman (RA) alimfundisha Abu Dardaa (RA), na Mtume akamsadikisha, kwamba Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake, na familia ina haki yake. Dini hii haijapiga vita kicheko cha mtoto.

Ni kweli kwamba ndani ya bustani hizo yanaweza kuwemo ya kukatazwa: mavazi ya baadhi ya watu katika sehemu za maji, muziki, baadhi ya maonyesho. Hayo yana hukumu yake, na mwenye kuyachelea atayaepuka kwa kuchagua mahali na wakati, kama anavyofanya akipita sokoni au akipanda basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam. Lakini kuwepo kwa ovu pembeni hakukigeuzi kila kilicho halali kuwa haramu. Kama ingekuwa hivyo, tusingetoka majumbani.

Kwa hiyo jibu la kifiqhi, kwa ufupi, ni hili: kuingia katika bustani ya michezo ni jambo la mubaha, maadamu mtu hakupoteza faradhi, hakufunua cha kusitiriwa, na hakutumia fedha isiyo yake.

Mubaha si mwisho wa maneno

Hapa ndipo wengi husimama, na hapa ndipo mimi naona maneno yanapoanza. Fatwa ni kitu kingine na nasaha ni kitu kingine. Fatwa hukwambia kama mlango umefungwa au uko wazi. Nasaha hukuuliza: ukishaingia mlango huo, ni upi ulioupita bila kuingia?

Imam Shatibi, aliyefariki mwaka 790 Hijria, sawa na mwaka 1388 Miladia, ameyapanga maslahi ya waja katika daraja tatu: ya dharura, ya haja na ya ukamilifu. Ya dharura ni yale ambayo maisha huharibika bila ya kuwepo. Ya haja ni yale ambayo yakikosekana watu hupata dhiki. Ya ukamilifu ni pambo la maisha. Pambo ni jambo zuri, lakini halitangulii mbele ya dharura, wala halijengwi juu ya gofu la haja. Tiketi ya bustani ya michezo ni ya daraja la tatu. Swali la kweli ni kama yaliyo katika daraja la kwanza na la pili yamekwisha kutimizwa.

Tuihesabu fedha. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima katika bustani kubwa za kisiwa cha Yas ni zaidi ya dirham 300. Kwa viwango vya karibuni, dirham moja ni kati ya shilingi 650 na 750. Maana yake ni kwamba tiketi moja inakaribia au inapita shilingi 200,000, na tiketi tano ni shilingi milioni moja au zaidi, kabla ya usafiri, chakula na picha. Sisemi kwamba kila mwenye kutoa fedha hiyo ni mbadhirifu. Kwa tajiri huenda ikawa ni matumizi ya kawaida, na Suratul-Furqan, aya ya 67, imewasifu wenye kushika njia ya katikati, wasiofanya israfu wala uchoyo. Lakini njia ya katikati hupimwa kwa kipato cha mtu, si kwa kipato cha jirani yake. Mkulima wa mpunga wa Usangu, mwenye kibanda cha mbao Mafinga na mwalimu wa shule ya msingi Tukuyu hawana kipimo kimoja na mwenye maghala Tunduma.

Kisha tuuhesabu wakati. Mtume (SAW) amefundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, kwani humzuilia mtu usingizi, chakula na kinywaji chake, na kwamba mwenye kumaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Msafiri wa Mbeya ameshatumia siku nzima kwenye basi kwenda Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800, kabla hajaiona ndege. Au amepanda ndege Songwe, uwanja uliofunguliwa mwaka 2012, kisha akangoja nyingine. Akifika Dubai amechoka. Kutoka Deira, wanakofikia wengi wetu, hadi kisiwa cha Yas ni zaidi ya saa moja kwa gari, na kurudi ni vivyo hivyo. Ndani kuna foleni. Nje, kati ya Juni na Septemba, joto hupita nyuzi 40. Mitambo mingi mikubwa hupima kimo cha mtoto, na asiyefika alama huzuiwa mlangoni. Na wajawazito, wenye maradhi ya moyo, ya shinikizo la damu na ya mgongo hushauriwa wasipande kabisa. Mzee wa miaka 65 aliyetoka Umra na miguu imevimba, akalipa dirham 300 ili akae kwenye kiti kivulini akiwangoja vijana, amenunua nini?

Watu watatu, majibu matatu

Kwa kuwa wasafiri si sawa, sioni kwamba jibu moja linawatosha wote. Nawagawa katika makundi matatu.

Wa kwanza ni yule anayekwenda Umra kwa michango. Tunaijua hali yetu. Waislamu wa nyanda hizi ni wachache, na wanaopata kuiona Makka ni wachache zaidi. Mara nyingi mama mtu mzima au imamu wa msikiti mdogo hufika huko kwa sababu watoto wake, majirani na waumini wamechanga, huyu elfu kumi, huyu elfu tano, mwingine ameuza debe mbili za mahindi. Fedha hiyo ilitolewa kwa nia mahsusi. Waliotoa hawakuwa matajiri waliozidiwa na mali. Walitoa ili waandikiwe sehemu katika ibada ile, na ili waombewe dua mbele ya Al-Kaaba. Msafiri wa namna hii asiitumie hata dirham moja ya michango katika bustani ya michezo. Kinachomzuia ni amana, wala si ubaya wa bembea. Njia huchukua hukumu ya makusudio, na fedha iliyotolewa kwa makusudio moja haipelekwi kwenye mengine ila kwa idhini ya wenyewe. Nawashauri pia mawakala wetu, na maimamu wanaoongoza vikundi, waitoe siku hiyo katika ratiba ya vikundi vya michango tangu mwanzo, wasimwache mzee akachague mbele ya wenzake kati ya aibu ya kubaki hotelini na dhambi ya kuvunja amana.

Na hapa kuna jambo ambalo wenzetu wa miji mikubwa huenda wasilione. Katika mitaa yetu Mkristo na Mwislamu huishi ukuta kwa ukuta, huzikana na huchangiana. Picha ya mtu wa Umra akiteremka katika mtelezo wa maji hufika kwenye simu za mtaa mzima kabla yeye mwenyewe hajarudi. Jirani aliyechangia hatauliza hukumu ya mubaha. Atauliza kama hii ndiyo Makka aliyoichangia. Heshima ya ibada yetu ni amana pia.

Wa pili ni mfanyabiashara anayekwenda peke yake kununua bidhaa, siku tatu au nne. Huyu fedha ni yake, na hakuna wa kumkataza. Lakini aulize kwanza kama mtaji ni wake au ni mkopo. Akiwa na deni ambalo wakati wake umefika, dirham hizo 300 tayari zina mwenyewe. Asipokuwa na deni, bado namshauri aiache, na sababu yangu ni watoto wake. Bustani zile zimejengwa kwa ajili ya watoto. Baba anayeingia peke yake, akapiga picha akicheka juu ya farasi wa plastiki, kisha akawaonyesha wanawe picha hizo nyumbani Soweto au Miyomboni, amewafungulia hamu ambayo huenda hana uwezo wa kuitimiza. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kuwapoteza anaowalisha. Sisemi kwamba kutembea peke yako ni kuwapoteza. Nasema kwamba furaha ya familia ni vizuri ianze na familia.

Wa tatu ni yule aliyesafiri na mkewe na watoto wake, kwa fedha yake, au anayeishi huko na ametembelewa na wazazi wake. Huyu namwambia: nenda, ndugu yangu, na uende kwa moyo mkunjufu. Chagua bustani moja, wala usizizunguke zote. Soma masharti ya kimo kabla ya kulipa, ili mdogo asilie mlangoni. Chagua siku isiyokuwa ya msongamano. Mahali pa kuswalia katika nchi zile si tatizo. Tatizo ni foleni, basi tazama saa yako, na kumbuka kwamba msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Hakupewa ruhusa ya kuiacha. Mwache mama watoto naye apumzike, asigeuke kuwa mbeba mikoba wa siku nzima. Na ukicheka, cheka. Mtume (SAW) alisimama mpaka Bibi Aisha akatosheka, hakumharakisha; usimchukue mtoto mahali pa mchezo kisha ukamnunia kutwa.

Msafiri wa siku chache atazame nini?

Atasema mfanyabiashara: Ustadh, umenizuia bustani, sasa nikae hotelini nihesabu dari? La hasha. Suratul-Ankabut, aya ya 20, inaamrisha watu watembee katika ardhi watazame namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Kutembea ni ibada kwa mwenye kutazama.

Ibn Battuta alipoipitia pwani yetu mwaka 1331, Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo, kutokana na usiku ule mmoja tunajua leo, karne saba baadaye, kwamba watu wake walikula ndizi na samaki, kwamba nafaka waliletewa kutoka bara ya pwani, kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba mlangoni mwake palikuwa na visima vya watu kunawia miguu. Usiku mmoja! Wangapi katika sisi wamekaa Dubai siku tano, na walichorudi nacho ni bei ya simu tu?

Msafiri wetu avuke hori la Dubai kwa mashua ya abra, kwa dirham moja au mbili, ausikilize Urdu, Kiajemi, Kiarabu na Kiswahili katika chombo kimoja. Akipata nafasi aende Abu Dhabi katika Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, uliofunguliwa mwaka 2007, ambao kuingia ni bure. Aende Sharjah katika jumba la makumbusho ya ustaarabu wa Kiislamu, lililofunguliwa mwaka 2008, aone vyombo vya falaki walivyotumia Waislamu kupima nyota na kujua kibla. Awatafute watu wenye asili ya Unguja na Pemba wanaoishi katika nchi zile, awaulize maisha yao. Na aliye Madina akae Madina: aende Quba, asimame Uhud, wala asihesabu kwamba siku zake za pale ni chache mno kiasi cha kutafuta pumbao.

Kilicho nyumbani

Nimebakiza jambo ninaloliona kuwa kiini cha mada. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi wa nyanda hizi tumeuacha mbachao muda mrefu.

Wageni hutoka Ulaya, wakapanda ndege mbili na gari moja, wakalipa kwa dola, ili wafike Ruaha, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo, ilipounganishwa na Usangu mwaka 2008, ilihesabiwa kuwa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwanafunzi wangu anayekaa mwendo wa saa chache kutoka hapo amemwona tembo katika noti ya fedha tu. Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kati ya Desemba na Aprili uwanda wake wote huwa maua. Kuna Ziwa Ngosi lililolala ndani ya shimo la volkano. Kuna Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, jiwe lililojitanda lenyewe juu ya maji. Kuna Kimondo cha Mbozi, chuma kilichoshuka kutoka mbinguni, chenye uzito wa tani kadhaa. Na Suratul-Hadid, aya ya 25, inataja kuteremshwa kwa chuma. Sidai kwamba aya ilikusudia kimondo hicho, lakini mtoto aliyeiweka mkono wake juu ya chuma kile ataisoma aya ile kwa namna nyingine.

Kwa ndugu wa Iringa kuna Isimila, yapata kilomita 20 kutoka mjini, ambapo zimeokotwa zana za mawe za watu wa kale na mvua zimechonga nguzo ndefu za udongo. Kuna Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, ambaye mwezi Agosti 1891 jeshi lake liliwashinda Wajerumani huko Lugalo. Fuvu lake lililochukuliwa Ujerumani lilirejeshwa mwaka 1954. Mtoto anayeijua Ferrari World na haijui Lugalo, tumemlea au tumemkodisha?

Najua nitakachojibiwa. Mtasema kwamba kiingilio cha raia ni shilingi elfu chache tu, lakini gari ndilo ghali, na barabara ya Ruaha ni ndefu. Ni kweli. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja hawezi, na jamaa inaweza. Shilingi milioni moja, bei ya tiketi tano kule Yas, kwa hesabu yangu inatosha madrasa ya Iringa mjini kukodi gari la abiria ishirini na zaidi kwenda Isimila na Kalenga na kurudi siku hiyo hiyo, pamoja na pilau na maji. Watu watano huko, au watoto ishirini na zaidi hapa.

Pendekezo langu, basi, ni kwamba kila madrasa katika miji yetu iweke safari moja kwa mwaka, katika likizo ya Juni au ya Desemba. Mzazi achange shilingi elfu mbili kwa mwezi, na mfanyabiashara aliyerudi Dubai salama atoe shukrani yake hapo. Wasichana wapelekwe kama wavulana, pamoja na walimu wao wa kike. Watoto wacheze mpira Kitulo, wale, waswali Adhuhuri kwenye majani, kisha mwalimu awaulize waliona nini. Tumewazoesha kuamini kwamba madrasa ni mahali pa fimbo na kuhifadhi tu. Kisha wakikua na kuikimbia tunashangaa.

Neno kwa walinganiaji wenzangu

Nimalizie kwa ndugu zangu wa mimbari. Tumekuwa wakali kwa baba aliyempeleka mwanawe katika mtelezo wa maji, na wapole kwa mfanyabiashara aliyerudi na kontena la bidhaa bandia akawauzia Waislamu wenzake kama halisi. La kwanza, kwa hali yake mbaya kabisa, ni matumizi yasiyo na busara; la pili ni ghushi, ambayo Mtume (SAW) amemtoa mwenye kuifanya katika njia yake. Tukiendelea hivyo watu watajua kwamba mizani yetu ina kasoro, na hawatatuuliza tena, si juu ya bustani wala juu ya swala.

Anayetuuliza kama aende au asiende ametupa heshima kubwa. Tumjibu kwa kumtazama yeye: fedha yake imetoka wapi, yuko na nani, nani anamsubiri nyumbani. Wa michango asiende. Wa peke yake aache, aiweke fedha hiyo kwa ajili ya siku ya watoto wake hapa nyumbani. Mwenye familia na uwezo aende, ashukuru, na arudi na hadithi njema. Na wote watatu, wakirudi, wawapeleke watoto wao wakaone ardhi hii ambayo Mwenyezi Mungu ametupa bila tiketi.